Kamba Tisa

Mimi ndiye niliyehesabu.
Usiilaumu serikali, serikali ilikuwa Dodoma mjini
ikisubiri jumla.
Aliyeshika kalamu ni mimi, bwana mifugo wa kata,
mwenye pikipiki ya tairi lililotiwa viraka
na fomu zilizochapwa upande mmoja.

Mwaka ule mvua ilichungulia Desemba, ikafunga mlango.
Uwele ukatoka kidole kimoja, ukajuta.
Lambo likawa tope, tope likawa vigae,
na ng'ombe walioingia kutafuta maji
walikosa nguvu ya kuchomoa miguu.
Asubuhi uliwakuta wamesimama,
wafu,
wameshikiliwa na udongo wa Bahi.

Mwongozo ulisema: kifo kithibitishwe
kwa ngozi, kwa mzoga, au kwa picha yenye tarehe.
Aliyeuandika, nadhani, hajawahi kulala njaa
chumba kimoja na ngozi.
Ngozi huchemshwa.
Siku mbili, kuni zikiwepo.
Mtoto akiitafuna haachi kulia,
ila hulia taratibu.

Sechelela Mahinyila alikuja na kamba tisa begani.
Akazilaza juu ya meza yangu, moja moja,
kama mtu anayelaza wagonjwa.
"Huyu Paji.
Huyu Mkwe, aliletwa kwa mahari ya binti yangu.
Huyu Hospitali, nilimnunua kwa pesa iliyobaki
baba watoto alipokufa kabla haijaisha.
Huyu hana jina, alizaliwa kiangazi."
Aliendelea mpaka ya tisa. Sikumkatiza.
Kisha nikauliza: Ngozi ziko wapi, mama?
Akalitazama tumbo langu kwanza, halafu uso.
"Nne zipo. Tano tumezila."

Nikaandika nne.

Palikuwa na safu, Maelezo Mengineyo,
yenye nafasi ya kutosha sentensi moja fupi.
Niliipita.
Jua lilikuwa kali, foleni ndefu,
na mimi nina watoto wanaokula kwa sahihi yangu.

Chedego wa dukani alileta simu.
Mzoga mmoja, pande saba:
kichwa, mkia, ubavu wa jua, ubavu wa kivuli.
Nilijua. Naye alijua kuwa najua.
Lakini picha zilikuwa na tarehe.
Nikaandika saba.

Miezi minane ikapita, kimya.
Wa mtama aliuza bati la paa, wa mbuzi aliuza mbuzi,
asiye na kitu alikwenda kuvunja kokoto Kibaigwa.
Halafu, Agosti, siku ya mnada,
watu wakapanda kichuguu nyuma ya shule
kuinulia simu zao mtandao, mikono juu,
ungedhani wametekwa.
Umepokea. Umepokea. Umepokea.
Ng'ombe mzima kwa bei ya mbuzi mwenye mbavu.
Wakala akaishiwa noti kabla ya saa sita,
akafunga dirisha, akasema njooni Jumatatu.

Jumatano Sechelela akaja ofisini.
Nilishaandaa majibu: wilaya, mkoa, mwongozo, kamati.
Hakuuliza.
Alisema amenunua mbegu ya mtama wa muda mfupi,
amelipa debe mbili alizokopa kwa Chedego,
Chedego amemsamehe riba, eti ni msiba wetu sote.
Akacheka kidogo, upande wa meno yaliyobaki.
Akatoa kamba kwenye kanga.
Tano.
"Hizi ni zile hukuziandika.
Nimeona faili lako linamwaga karatasi.
Lifunge."

Nikalifunga. Ningefanya nini?

Mwezi wa kumi alikuja mkaguzi,
kijana msafi, viatu vyake vikilia na vumbi letu.
Kufungua faili ilimchukua muda, mafundo yale ni ya kufungia fahali.
Akanusa vidole vyake.
Akauliza kamba hizi zimetoka fungu gani.
Nikasema, zilikuwapo.
Akageuza ukurasa wa orodha yake
na kwa mwandiko mzuri, bila haraka, akaandika:
Vifaa vya ofisi. Kamba. Tano.